Pawa saplai isiyo na feni kwa kompyuta ya kurekodia sauti: naombeni ushauri kabla sijaagiza

Msimulizi_Tanga:
Habari zenu wakuu. Nipo Tanga, kazi yangu ni kusoma vitabu kwa sauti pamoja na matangazo, nafanyia nyumbani kwenye chumba nilichokizungushia mablanketi na magodoro mawili ya zamani. Chumba chenyewe kompyuta ikiwa imezimwa kelele yake ni kama −64 dB (nilirekodi kwa rekoda ndogo ya mkononi pale pale kwenye maiki), nikiwasha kompyuta inapanda mpaka −52. Wateja wangu wawili wanafuata vigezo vya ACX (jukwaa la Amazon la vitabu vya sauti), wao wanataka kelele ya chini isizidi −60 dB, kwa hiyo hapo nipo nje kabisa. Mpaka leo naponea kwenye kusafisha kelele kwa programu, ila sauti inatoka kama mtu anaongea ndani ya bomba, na kitabu cha saa nane kila herufi "s" imeliwa nusu inaniuma sana maana hiyo ndiyo kazi yangu na jina langu.

Nimeamua nijenge mashine nyingine. Prosesa Ryzen 5 5600G, RAM ya GB 32, SSD ya NVMe, kadi ya picha hakuna, sichezi gemu. Kinachonichanganya ni pawa saplai. Nimeona Seasonic Prime Fanless PX-450, PX-500 na TX-700, nimeona SilverStone Nightjar NJ450-SXL, halafu kuna hivi vidude vidogo vya picoPSU vinavyochomekwa kwenye madabodi moja kwa moja. Binamu yangu yupo Dubai anarudi mwisho wa mwezi, anaweza kunibebea.

Maswali yangu: wati ngapi zinanitosha? Na kwa joto letu la pwani kitu kisicho na feni kitadumu kweli? Kuna jamaa dukani kaniambia nisihangaike, nichukue hii hii ya kawaida nikate waya wa feni. Naombeni mnisaidie, hii hela nimeikusanya miezi minane.

FundiSaketi:
Mkuu waya wa feni usikate. Naanza na hilo kwa sababu nimezipokea mezani kwangu pawa saplai za hivyo si moja wala mbili, kapasita zimevimba vichwa na bodi imebadilika rangi imekuwa kahawia.

Nikueleze kwa nini. Pawa saplai inavuta umeme ukutani inaugeuza kuwa volti ndogo, na katika kugeuza kuna umeme unapotea unakuwa joto, joto hilo ndilo feni inalitoa. Sasa chukua mashine yako, 5600G ikibanwa mpaka mwisho inakula wati 88, weka madabodi, RAM na SSD, sema jumla 120 tuwe na nafasi. Kwenye pawa saplai ya hovyo yenye ufanisi wa asilimia 78, ukutani inavuta 154, yaani wati 34 zinabaki ndani ya lile boksi. Kwenye ya asilimia 92 inavuta 130, zinabaki 10. Kumi zinaweza kutoka zenyewe kupitia hitisinki (vile vibati vya kupoza) na matundu, 34 haziwezi, zitapika kila kitu kilichomo. Kwa hiyo isiyo na feni siyo pawa saplai ya kawaida iliyotolewa feni, ni iliyotengenezwa tangu mwanzo ipoteze kidogo, ndiyo maana zote za maana utakuta zina cheti cha ufanisi cha Platinum au Titanium, ambazo ni daraja juu ya Gold, na bei yake inauma.

Na kapasita za elektroliti zina kanuni moja tunaifuata mafundi, kila joto likipanda nyuzi 10 umri wake unapungua kwa nusu. Iliyoandikwa 105 °C ikifanya kazi kwenye 65 itaishi muda mrefu sana, ile ile ikifanya kazi kwenye 95 imekwisha mapema. Hilo ndilo jibu la swali lako la joto la pwani, chumba chako kikiwa nyuzi 32 badala ya 22 za huko wanakozipimia basi unakula nusu ya umri, lakini ukiipa mzigo mdogo kuliko uwezo wake unaurudisha.

Halafu usifungue pawa saplai nyumbani kama hujafundishwa. Kapasita kubwa ya upande wa umeme mkubwa kwenye hizi za kisasa inakaa na volti karibu 400 na inaweza kubaki nazo baada ya kuchomoa waya.

Wati: PX-450 au PX-500 yoyote, utakayoipata. TX-700 kwako haina kazi. Ukirekodi mashine yako itakula kama wati 35 tu, hiyo ni asilimia 5 ya 700, na cheti cha Titanium chenyewe kinapimwa kuanzia mzigo wa asilimia 10, chini ya hapo hakuna anayekuahidi chochote. Watu wengi wanadhani kununua kubwa zaidi ni salama zaidi, kwenye ufanisi sivyo.

Msimulizi_Tanga:
Ahsante sana fundi, hesabu hiyo ya wati 34 na 10 imenifungua macho, nilikuwa najua Gold na Platinum ni mambo ya kuokoa umeme tu.

kijana_wa_mixing:
Niko Nairobi, nina studio ndogo. Msimulizi kabla hujatuma pesa nikuambie kitu moja, kutokuwa na feni si sawa na kutokuwa na sauti. Mimi nilinunua ya fanless miaka mitatu iliyopita (kampuni siitaji), siku ya kwanza nikawasha nikafurahi, siku ya pili usiku kumetulia nikasikia tsiii nyembamba kama mbu yuko mbali. Ilikuwa inatoka ndani ya pawa saplai. Zile koili na transfoma zinatetemeka umeme ukipita, kwa kawaida zinatetemeka haraka kuliko masikio yanavyoweza kusikia, lakini mzigo ukiwa mdogo sana saketi nyingine zinaanza kufanya kazi kwa vipande vipande, inawaka inapumzika inawaka inapumzika, na hiyo kupumzika-pumzika ndiyo inashuka mpaka kwa masikio yetu. Kwa pawa saplai ya feni hungesikia, ju feni inaifunika. Ukitoa feni umefunua kila kitu.

Kwa hivyo mwambie binamu wako anunue mahali anaweza kurudisha, na aiwashe kabla ya kupanda ndege, aweke sikio. Nyingine ya aina hiyo hiyo model hiyo hiyo inaweza kuwa kimya kabisa, ni bahati ya koili.

Enyewe mimi mwishowe nilitoa kompyuta nje ya chumba. Nilitoboa ukuta, nikapitisha waya ya HDMI na USB, kompyuta iko korido na chumbani kuna skrini, kibodi na maiki pekee. Waya ya USB 2.0 mwisho wake ni mita 5, ukitaka zaidi unatafuta ile ya kuongeza nguvu katikati. Hiyo ndiyo kimya ya kweli na ni rahisi kuliko hizi PX.

Msimulizi_Tanga:
Hilo la ukuta nililifikiria kabla ya yote kaka, ila nyumba nimepanga na mama mwenye nyumba hataki hata msumari. Mlango nikiuacha wazi kidogo waya upite ndiyo bodaboda zote za barabarani zinaingia. Kwa hiyo kompyuta itabaki humu humu.

mzee_wa_sola:
Assalaam alaykum. Mie nipo Unguja, nyumba yangu yote inakwenda kwa sola, na nnatumia picoPSU mwaka wa nne huu kwa kompyuta ya ofisini kwangu kwa hiyo nakuelezea nnachokijua.

Hichi kidude ni kizuri khasa. Kinakaa juu ya soketi ya pini 24 ya madabodi, hakina feni, hakina boksi, na joto lote kubwa la kugeuza umeme linabaki kwenye adapta iliyo nje, unaitupa huko nyuma ya kabati. Mashine ya wati 120 inawezekana, picoPSU-160-XT na adapta ya volti 12 yenye ampea za kutosha, mimi ninayo Mean Well GST220A12 inayotoa ampea 15.

Lakini kuna jambo wengi linawaunguzia madabodi. Hiyo 160-XT inataka volti 12 kamili. Zile volti 12 unazoziingiza ndizo hizo hizo zinazokwenda kwenye prosesa na madabodi, yenyewe haizirekebishi, inatengeneza 5 na 3.3 tu. Sasa mtu anasema ah mie nna betri ya sola ya volti 12 nnachomeka moja kwa moja, anasahau betri ikiwa inachajiwa mchana inafika 14.4. Ukitaka kuiunga na betri tafuta ile ya kupokea volti pana, M4-ATX kwa mfano inapokea kuanzia 6 mpaka 30, hiyo ndiyo imetengenezewa magari na betri.

Jengine la pwani, hewa ya chumvi. Feni inavuta hewa hiyo na vumbi inaipitisha juu ya saketi mchana na usiku. Nimefungua kompyuta za majirani zangu hapa Malindi unakuta kutu kijani kwenye miguu ya vipuri. Kisichokuwa na feni kinapumua polepole, kwa hiyo mie naona kwa sisi watu wa bahari kina faida hiyo juu ya ukimya.

FundiSaketi:
Mzee wa sola umeongea point nzito hiyo ya 14.4, naiunga mkono kwa mikono miwili. Naongeza tu adapta nazo zinalia koili vile vile, sasa uzuri wake waya wa adapta unaiweka mbali na maiki.

Msimulizi swali, unatumia UPS? stabilaiza?

Msimulizi_Tanga:
Vyote viwili fundi. Stabilaiza ipo chini ya meza na UPS ndogo, bila hivyo huku huwezi kumaliza sura moja ya kitabu.

FundiSaketi:
Basi hapo kuna mambo mawili. Kwanza stabilaiza za rilei zinagonga, tak, kila umeme ukipanda au kushuka, na transfoma yake inavuma. Utanunua PX-500 halafu ile tak itaingia katikati ya sentensi. Itoe chumbani, iweke hata sebuleni, waya wa ekstensheni haupitishi kelele.

Pili UPS za bei ya chini zikiwa kwenye betri hazitoi wimbi laini kama la ukutani, zinatoa wimbi la ngazi ngazi. Pawa saplai zote hizi nzuri zina saketi ya PFC (inayopanga namna umeme unavyovutwa ukutani) inayotegemea umbo la wimbi, nyingine zikipata hilo la ngazi zinavuma, nyingine mashine inazimika pale pale UPS inapopokea, unabaki unashangaa UPS ya nini. Kama bajeti ipo tafuta UPS iliyoandikwa pure sine wave. Kama haipo, jaribu kwanza, chomoa UPS ukutani mashine ikiwa haina kazi muhimu uone inavumilia.

Bint_Maskati:
Salaam, nnakaa Maskati, hapa kwetu kiangazi nje ni nyuzi 45 na zaidi, ndani kiyoyozi. Mimi nilikimbilia njia ya katikati, Seasonic Focus GX ambayo ina swichi nyuma, ukiibonyeza feni haizunguki mpaka mzigo ufike kama asilimia 30. Nilidhani kwa mashine ndogo kama yangu feni haitozunguka abadan.

Inazunguka. Inaangalia na joto pia, si mzigo peke yake, kiyoyozi kikizimwa mchana basi inaanza, inazunguka kidogo, inanyamaza, inaanza tena. Na mimi nnarekodi darsa za Kiswahili za watoto kwa hivyo nakwambia kitu nilichojifunza kwa uchungu: kelele inayokuja na kuondoka ni mbaya kuliko kelele ndogo inayokaa. Ile inayokaa unachukua sekunde mbili za ukimya programu inaijua na kuitoa, lakini inayokuja katikati ya neno huiwezi, na msikilizaji hata kama hajui ni nini anajua kuna kitu kimebadilika. Siku hizi swichi nimeitoa, feni inazunguka polepole muda wote, na ni bora.

Kwa hivyo kwa kazi yako usichukue hizi za nusu nusu. Ama isiyo na feni kabisa, ama yenye feni isiyosimama na iliyopimwa kelele. Cybenetics wanapima pawa saplai na kuzipa daraja za kelele, A++ ni chini ya desibeli 15, hiyo ukikaa nayo mita moja huisikii.

kijana_wa_mixing:
Bint Maskati hapo kwa kelele inayokuja na kuenda umeongea ukweli kabisa. Sai ndio naelewa kwa nini mteja wangu mmoja alikuwa anarudisha kazi kila mara na meter zote zilikuwa sawa.

Msimulizi, lakini una uhakika ni pawa saplai inakusumbua? Jaribu hii. Mashine ikiwa imetulia, chomoa feni ya prosesa nusu dakika tu, rekodi. Kisha rudisha, chomoa hadidiski, rekodi. Uangalie spektra, ule mchoro unaonyesha kelele iko kwa Hz ngapi.

Msimulizi_Tanga:
Nimefanya leo asubuhi wakuu, na nashukuru sana umeniambia. Hivi ndivyo ilivyo:

vyote vikiwa vimewashwa −52. Feni ya prosesa nje, −54. Feni ya prosesa nje pamoja na hadidiski, −57. Na kwenye spektra kulikuwa na mstari umesimama kama mnazi kwenye 120 Hz, nilivyochomoa hadidiski ukapotea wote. Nikakaa nikapiga hesabu, hadidiski ni ya mizunguko 7200 kwa dakika, gawanya kwa 60 unapata 120. Miaka yote hiyo nilikuwa naulaumu umeme wa nyumba kwa mvumo ule, ndiyo hadidiski inatetemesha meza na meza inatetemesha stendi ya maiki.

Inabaki −57 ambayo ni pawa saplai, na bado haijafika −60. Kwa hiyo hadidiski nitaiweka kwenye boksi la USB nje ya chumba niwe nahamishia kazi usiku, na pawa saplai nabadilisha kweli. Naegemea PX-500. Swali langu la mwisho, naifungaje, maana kesi nyingi sasa zina kile kifuniko cha chini kinachoificha pawa saplai.

FundiSaketi:
Hapo ndipo watu wengi wanaiua. Isiyo na feni inategemea hewa moto kupanda yenyewe, kwa hiyo upande wenye matundu lazima uangalie JUU na juu yake pawe wazi. Ukiifunga matundu chini kama tulivyozoea kufunga za feni, joto linajikusanya ndani halina pa kwenda. Na ukiificha chini ya kifuniko cha bati kisicho na matundu ni kama umeifunika na sufuria. Tafuta kesi isiyo na kifuniko hicho, au yenye kifuniko kilichojaa matundu, na juu ya kesi pia pawe na wavu.

Pawa saplai ikae chini, siyo juu. Zile kesi za zamani zilikuwa zinaiweka juu, sasa joto lote la prosesa linapanda linaikuta.

Na mimi kwa Tanga nakushauri uache feni MOJA, ya milimita 120 nzuri kama Noctua NF-A12x25, nyuma ya kesi, izunguke kama 450 au 500 kwa dakika bila kubadilika. Najua umetaka sifuri. Lakini kwa mzunguko huo hata ukiweka sikio kwenye kesi unaitafuta, na tofauti ya joto ndani kati ya hewa inayosogea kidogo na hewa iliyosimama ni kubwa mno, hapo ndipo unapata miaka ya kapasita zako. Isiyosogea kabisa ni ya watu wa nchi za baridi. Halafu nenda BIOS (mipangilio ya madabodi unayoingia mashine inapowaka) ishushe prosesa kwenye 45W, hiyo 5600G inaruhusu, kwa kusoma kitabu hutoona tofauti.

mzee_wa_sola:
Fundi na feni yake moja, nakubali. Na mie kwenye picoPSU nnayo moja ndogo hivyo hivyo, sikuisema.

Msimulizi_Tanga:
Wakuu nimerudi, wiki ya pili sasa mashine inafanya kazi. PX-500 ilikuja salama, binamu aliiwasha Dubai kwa rafiki yake akaweka sikio kama mlivyosema. Kesi nimepata ya mtumba isiyo na kifuniko, matundu juu, feni moja nyuma mizunguko 480, stabilaiza na UPS vipo sebuleni. Kwenye maiki nasoma −63. Kompyuta ikizimwa −64! Mchana wa jana chumba kilikuwa nyuzi 33, baada ya saa tatu za kazi nimegusa bati la pawa saplai, ni vuguvugu tu kama kikombe cha chai kilichosahauliwa.

Kitu kimoja tu. Nikisogeza kipanya au nikishusha ukurasa wa maandishi nasikia kimlio chembamba sana kwenye hedifoni, nikiacha kinaacha. Ni ile tsiii ya Nairobi?

FundiSaketi:
Unakisikia na masikio matupu au kwenye hedifoni tu?

Msimulizi_Tanga:
Masikio matupu pia, nikiinamia kesi karibu na prosesa. Kwenye pawa saplai hapana, hapo ni kimya.

FundiSaketi:
Basi hizo ni koili za madabodi zinazolisha prosesa. Prosesa inalala na kuamka mara nyingi kwa sekunde, ukigusa kipanya inaamka na koili zinatikisika. Ingia BIOS tafuta Global C-state Control uizime, prosesa haitolala usingizi mzito tena, itakula wati chache zaidi ukiwa umetulia na hilo kwako siyo tatizo. Jaribu urudi utuambie.

Msimulizi_Tanga:
Nimezima. Kimeisha chote, nimerekodi dakika tano nasogeza kipanya makusudi hakuna kitu kwenye spektra. Usiku huu naanza kurudia sura ya kwanza ya kile kitabu cha saa nane.